Sanduku la babu lina santuri za aina mbili, na spiriti itaua moja

"Assalaam alaikum mwalimu, shikamoo. Babu yangu alikuwa baharia kwenye meli za Waingereza tangu miaka ya arobaini mpaka sitini na kitu. Amefariki mwaka jana, na katika kugawana vitu mimi nimeachiwa sanduku la santuri. Ndugu zangu wakacheka kwamba nimepewa kuni. Nimehesabu 58. Ishirini na tatu ni nzito, nyeusi, hazipindiki hata kidogo, na mbili tayari zimepasuka. Zilizobaki ni nyepesi, kubwa kwa ndogo. Nyingi ni za jazi: nimeona majina ya Louis Armstrong, Duke Ellington na Count Basie. Nyingine zimeandikwa 'Jazz Band' lakini wanaimba Kiswahili. Nimenunua mashine ile ya kubeba kama sanduku, yenye kasi tatu. Zile nyepesi zinasikika vizuri kiasi, ila nzito zinatoa kelele kama mtu anakaanga samaki, muziki uko mbali huko nyuma. Jirani yangu fundi wa redio ameniambia nizifute kwa spiriti na pamba zitatakata. Kuna mtu wa hapa Tanga anataka kuzichukua zote kwa bei ya jumla, anasema zile nzito zimeshaliwa, hazina thamani. Je, ni kweli zimeliwa? Nizisafisheje? Na nikimuuzia, nitakuwa nimejipunja?"

Wa alaikum salaam, marahaba. Pole kwa kumpoteza mzee, na hongera kwa kuni ulizopewa.

Nianze na la haraka. Kama hujaifungua hiyo chupa ya spiriti, iache ilivyo. Usiguse nayo hata santuri moja kati ya zile nzito. Wala sanitaiza ya mikono, wala dawa ya kufutia vioo, wala manukato. Chochote chenye alkoholi kikigusa santuri ya aina hiyo hakiisafishi, kinaiyeyusha.

Hili nalijua kwa vidole vyangu mwenyewe. Ujanani niliokota kwenye duka la vitu vikuukuu santuri ya Duke Ellington yenye lebo ya Brunswick, imejaa vumbi na alama za vidole. Nikalowesha pamba kwa spiriti, nikaipitisha mzunguko mmoja. Pamba ikarudi nyeusi kama masizi ya kibatari. Nikafurahi, uchafu huo unatoka. Nikafuta tena, nyeusi tena. Mara ya tatu nikasikia harufu ya karakana ya seremala, ndipo nikaitazama santuri yenyewe: palipokuwa na mng'ao pamekuwa kijivu, kama ubao wa darasani uliofutwa kwa kitambaa kikavu. Nilipoiweka sindano, upande mzima ulikuwa shhh mwanzo hadi mwisho. Ule uchafu niliokuwa naufurahia ndio ulikuwa muziki.

Kwa nini iwe hivyo? Santuri zako nzito zimetengenezwa kwa shelaki. Huo ni utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi kwenye matawi ya miti, hasa India na Thailand. Watu huukwangua, huuyeyusha, huuchuja. Sisi wa pwani si wageni wa kitu hiki. Ile lakiri ya kufungia bahasha na vifurushi, nyekundu, ya kuyeyusha kwa moto na kugonga mhuri, asili yake ni utomvu huohuo. Na seremala anayeng'arisha kabati kwa mtindo wa zamani huloweka magamba ya shelaki ndani ya spiriti mpaka yapotee. Kwa hiyo jirani yako, bila kukusudia, amekushauri ugeuze santuri za babu kuwa rangi ya kabati. Simlaumu. Spiriti ndiyo anayosafishia vichwa vya kaseti na bodi za redio, na huko inafaa kabisa.

Utomvu wenyewe kwenye santuri ni gundi tu, pengine theluthi moja ya mchanganyiko au chini ya hapo. Kinachobaki ni unga wa mawe, masizi ya kuipa weusi na nyuzi za pamba. Huo unga wa mawe uliwekwa kwa makusudi. Gramafoni za kukaza kwa mkono zilitumia sindano ya chuma chini ya kichwa kizito, zaidi ya gramu mia. Mawe yale yaliisaga ncha ya sindano katika mizunguko ya kwanza mpaka ikaenea sawasawa kwenye mfuo, ule mchirizi mwembamba unaobeba muziki. Ndiyo maana wazee walibadilisha sindano kila upande mmoja unapokwisha, na wale waliofanya ubahili wa sindano ndio waliokula santuri zao. Nitalirudia hili la kuliwa.

Zile nyepesi 35 ni habari nyingine. Hizo ni plastiki, vinili. Kampuni ya Columbia ilitoa santuri ya vinili ya mizunguko 33 na theluthi kwa dakika mwezi Juni 1948 huko Marekani, na mwaka uliofuata RCA Victor wakaja na ile ndogo ya 45. Babu yako alikuwa baharini katika miaka hiyohiyo, dunia inahama kutoka aina moja kwenda nyingine, na sanduku lake limebeba zote mbili. Marekani na Ulaya ziliachana na shelaki kuelekea mwisho wa miaka ya hamsini, lakini Afrika na India ziliendelea nayo hadi ndani ya miaka ya sitini. Kwa hiyo usidhani kila iliyo nzito ni ya kale kuliko kila iliyo nyepesi.

Basi kabla ya kusafisha, kabla ya kuuza, kabla ya kupiga hata moja, zitenganishe. Ishike santuri kwa kingo, uiache ining'inie kwenye kidole kupitia tundu la katikati, kisha uigonge taratibu kwa ukucha. Shelaki hulia kama sahani ya kaure. Vinili hutoa mlio mfu. Usijaribu kuipinda ili kujua. Ikiwa ni shelaki utajua vizuri mno. Kuna mtego mmoja kwa mtoto wa baharia: ukikuta lebo iliyoandikwa V-Disc, kubwa ya inchi 12, hiyo hupigwa kwa kasi ya shelaki, mizunguko 78 kwa dakika, lakini nyingi ni za vinili. Zilitengenezwa kati ya 1943 na 1949 kwa ajili ya wanajeshi wa Marekani, na mabaharia walizipata kwa njia zao. Mtego wa pili ni wa hatari zaidi. Ukiona santuri ambayo kwenye tundu au ukingoni inaonyesha bati la alumini chini ya weusi, iweke kando, usiisafishe kwa chochote, hata maji. Hiyo si ya kiwandani. Imechongwa moja kwa moja, mara nyingi studio au redioni, na huenda hakuna nyingine mfano wake duniani. Ngozi yake nyeusi hubanduka kama rangi ya ukuta wenye chumvi.

Sasa hiyo kelele ya kukaanga samaki. Nadhani kosa kubwa halimo kwenye santuri, limo kwenye sindano yako.

Muziki haumo chini ya mfuo, umo kwenye kuta zake mbili. Sindano inatakiwa ikae katikati, imeegemea kuta zote, ikitikiswa kulia na kushoto jinsi kuta zinavyopinda. Mfuo wa santuri ya 78 ni mpana: unataka sindano yenye ncha ya nusu kipenyo cha maikromita 75 hivi. Mfuo wa vinili ni mwembamba, na sindano yake ni kati ya maikromita 18 na 25. Mashine nyingi za kubeba kama sanduku zina kitufe cha 78, lakini sindano ni ileile moja ya vinili. Kasi wamekupa, sindano hawakukupa. Ukiiweka kwenye santuri nzito inatumbukia hadi chini kabisa, kama mtumbwi mdogo ulioachiwa kwenye mfereji mkubwa wa mvua: inagonga huku na huku, inaburura takataka zote zilizokaa chini kwa miaka 80, na kuta zenye tarumbeta ya Armstrong inazigusa kwa bahati tu. Ndiyo sababu unasema muziki uko mbali. Uko mbali kweli, uko juu ya sindano.

Dawa yake ni kupata sindano ya 78. Kwa mashine yako ya sasa huenda isipatikane, kwa sababu kichwa chake kimeundwa kwa bei ya chini na hakibadiliki kirahisi. Kama una nia ya kweli, tafuta mashine ya kawaida hata iliyotumika, ambayo katriji yake, yaani kichwa kinachobeba sindano, hufunguliwa kwa skrubu mbili. Audio-Technica, kwa mfano, wana katriji za familia ya VM95 ambazo sindano yake huchomolewa kwa vidole, na katika familia hiyo ipo ya 78 iitwayo AT-VM95SP. Unapiga Basie wa vinili kwa sindano moja, unaichomoa, unachomeka nyingine, unampiga Basie wa shelaki. Uzito wa kukanyagia pia hubadilika: gramu 2 hivi kwa vinili, takribani 5 kwa shelaki. Usije ukafanya kinyume chake, yaani sindano ya 78 juu ya vinili, wala usiweke vinili kwenye gramafoni ya kukaza kwa mkono hata kwa mzaha. Upande mmoja tu unatosha kuinyoa.

Jambo la pili halihitaji hela. Santuri za 78 ni za sauti ya njia moja, muziki wake unakwenda kulia na kushoto peke yake. Mtikisiko wa juu na chini ni vumbi na mikwaruzo mitupu. Mashine ya stirio husikiliza vyote viwili na kukuletea vyote viwili. Ukiunganisha njia ya kulia na ya kushoto kuwa moja, kwa swichi ya mono kwenye amplifaya au kwa programu ya kompyuta baada ya kunakili, mitikisiko ya juu na chini inafutana yenyewe. Mara ya kwanza nilipobonyeza ile swichi nilidhani mtu amefunga dirisha la barabarani.

Kasi nayo ina vitimbi. Namba 78 si 78 kamili: kwenye nchi za umeme wa mizunguko 60 kwa sekunde ilikuwa 78.26, kwenye za mizunguko 50 kama Uingereza ilikuwa 77.92. Tofauti hiyo sikio lako halitaijua. Lakini santuri za kabla ya katikati ya miaka ya ishirini zilikwenda mbali zaidi, nyingine zikirekodiwa karibu na 80 au chini ya 76, na piano ikisikika imepanda au imeshuka nusu noti, si uchawi. Hata kwenye enzi ya vinili mambo hayo yalitokea. Upande wa kwanza wa Kind of Blue ya Miles Davis, iliyorekodiwa 1959, uliuzwa ukiwa umepanda sauti kidogo kwa zaidi ya miaka 30, kwa sababu mojawapo ya mashine za tepu siku ile ilikuwa inazunguka polepole. Ulirekebishwa mwaka 1992. Wapiga saksofoni waliokuwa wakijifunza kwa kuifuatisha walikuwa wakilaumu ala zao.

Je, zimeliwa? Baadhi yaelekea ndiyo, na unaweza kuona mwenyewe bila kumtegemea mnunuzi. Ishike santuri chini ya taa moja yenye nguvu, mwanga ukija kwa upande, uizungushe polepole. Mfuo wenye afya hung'aa mweusi. Uliosagwa na chuma huwa na ukungu wa kijivu, na kijivu hicho hujitokeza hasa mahali palipokuwa na sauti kubwa: pale tarumbeta zote zinapoingia, pale mwimbaji anapopaza. Kijivu kikienea upande mzima, hiyo imeliwa. Kikiwa ni mabaka, bado ina maisha. Hata iliyoliwa si maiti. Sindano zamani ilikuwa ikisaga sehemu fulani tu ya ukuta wa mfuo, kwa kimo fulani. Wataalamu wa kunakili huwa na sindano za ukubwa mbalimbali, nyembamba kidogo na nene kidogo, na kwa kujaribu hupata ile inayokaa juu au chini ya mahali palipolika, ambako ukuta ni mzima kama siku ulipotoka kiwandani. Nimeshasikia santuri ya kijivu ikaamka kwa kubadilisha sindano tu.

Na kuna vitu utakavyodhani vimeliwa kumbe havikuwekwa. Mpaka 1925 hakukuwa na maikrofoni katika kurekodi. Wanamuziki walikusanyika mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya pumzi zao ndiyo iliyosukuma kisu kichonge nta. Kiongozi wa bendi King Oliver alipoingia studio ya Gennett kule Richmond, Indiana, Aprili 1923, kijana Armstrong akiwa koneti ya pili, ndugu mfupi wa tarumbeta, ngoma kubwa haikuwa na nafasi: pigo moja lingeweza kukirusha kisu nje ya mstari. Ukisikiliza santuri za miaka hiyo ukajiuliza ngoma ziko wapi, jibu ni kwamba mpigaji ngoma alikuwa amepewa vipande vya mbao agonge. Umeme ulipoingia mwaka 1925 besi ikazaliwa upya. Ukipata ya Armstrong ya 1928 na ya Oliver ya 1923, zisikilize kwa kufuatana. Miaka mitano tu, lakini ni kama mtu ametoka chumba cha pili akaja kukaa mbele yako.

Kelele kidogo itabaki hata ukifanya yote haya. Ni mawe yale. Zipo programu zinazoahidi kuifuta yote, na kweli zinaweza, ila zinafuta pamoja na pumzi ya mpigaji na mluzi wa matoazi, ukaachiwa muziki kama uliopikwa bila chumvi. Mimi huiacha. Baada ya dakika moja sikio huiweka kando lenyewe, kama unavyoacha kuisikia feni.

Kusafisha sasa. Kwa shelaki iliyo nzima, isiyo na ufa: maji safi yaliyokenekwa, yaani mvuke uliopozwa ukawa maji tena, yale ya kuongezea betri (si asidi ya betri), tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na alkoholi katika lita moja, na brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika. Ilaze santuri juu ya taulo, funika lebo kwa kifuniko cha plastiki, lowesha brashi kidogo tu, fuata mzunguko wa mifuo, usikate katikati. Pitisha maji matupu kuondoa sabuni, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, isimamishe kwenye kichanja cha kukaushia vyombo, kivulini. Usiiloweke. Pamba na unga wa mawe ndani yake hunywa maji, na zile za Columbia za zamani zina tabaka la ndani lenye karatasi linaloweza kuvimba. Dakika mbili kila upande zinatosha. Vinili hutumia utaratibu uleule, na yenyewe huvumilia alkoholi kidogo iliyozimuliwa, ila sijaona haja ya kuwa na chupa mbili mezani na siku moja kuzichanganya. Maji na sabuni yanatosha kwa zote. Ukikuta kuvu jeupe la unga, fanya kazi nje ukiwa umevaa barakoa, kwa sababu kuvu lile ukilivuta linakaa kifuani.

Na kwa kuwa uko Tanga, unyevu na wadudu watakusumbua kuliko vumbi. Mende hupenda karatasi ya lebo, mchwa hawachagui, wanakula bahasha wakiacha santuri uchi. Toa zote kwenye lile sanduku la mbao. Zisimamishe wima kama vitabu, zibanwe kiasi zisiinamiane, kwenye rafu ya chuma isiyogusana na ukuta, mbali na dirisha la jua. Kulaza moja juu ya nyingine ndiko kunakopasua shelaki: inchi 10 moja ina gramu 200 hivi, na ishirini zikilala, ya chini imebeba karibu kilo nne. Bahasha mpya za karatasi nyeupe ni bei ndogo na zinafaa kuliko plastiki kwa hali ya hewa yenu, maana plastiki hufungia jasho ndani.

Umenigusa uliposema zile zilizoandikwa "Jazz Band" wanaimba Kiswahili, kana kwamba kuna aliyekosea. Hakuna aliyekosea. Kwetu neno jazi lilikuwa jina la bendi ya kisasa yenye magitaa na tarumbeta, iwe inapiga rumba, dansi au chochote. Dar es Salaam Jazz Band ilianza 1932, Morogoro Jazz 1944, na hapo kwenu Tanga palikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Ng'ambo ya ziwa, huko Kongo, mwimbaji Kabasele akaanzisha African Jazz 1953, na OK Jazz ikafuata 1956. Ukiwauliza watu wa New Orleans watasema hiyo si jazi, na wana haki yao. Mizizi ya nyingi kati ya bendi hizi iko Kuba zaidi kuliko Marekani: kuanzia 1933 kampuni ya HMV ilileta Afrika mfululizo wa santuri za 78 zenye herufi GV, nyimbo za Kikuba, nazo zikapigwa mpaka zikaota mvi. Tazama kama babu anazo. Herufi hizo mbili ziko kwenye lebo kabla ya namba.

Hapo ndipo tunamfikia mnunuzi wako. Simjui na simshutumu, ila ninajua hesabu ya mtu anayenunua kwa jumla. Anatafuta vitu vitatu au vinne, vilivyobaki ni mzigo. Watu wengi hudhani umri ndio thamani. Sivyo. Armstrong wa miaka ya hamsini na sitini aliuzwa kwa mamilioni, na vinili zake zilizochubuka hazikununulii chakula cha mchana. Santuri za 78 za bendi kubwa maarufu pia ziko tele. Thamani hukaa kwenye uchache, hali ya mifuo, na chapa halisi ya kwanza. Chukua kurunzi uangalie sehemu laini kati ya mfuo wa mwisho na lebo, kuna namba na alama zilizochongwa. Kama una vinili ya Blue Note, kampuni ya jazi ya Marekani, tafuta herufi RVG, ambazo ni za fundi sauti Rudy Van Gelder, na alama ndogo mfano wa sikio, ambayo ni ya kiwanda kilichowachapia mpaka 1966. Zikiwepo zote mbili na santuri ni safi, usiiuze kwa jumla na usiiuze wiki hii. Kwa shelaki, lebo kama Gennett, Paramount na OKeh za miaka ya ishirini ni za kuangalia mara mbili. Nyingi zilipotea vitani: mwaka 1942 shelaki ya Asia iliadimika, serikali ya Marekani ikaibana, na watu wakatakiwa kurudisha santuri kuukuu zisagwe zitengenezwe mpya. Kwa kuwa mzee alisafiri na Waingereza, natarajia zaidi utakuta Parlophone, ambao waliichapa Uingereza kazi ya Armstrong ya OKeh. Hizo hazina bei ya kutisha, lakini mara nyingi zinasikika vizuri kuliko za Marekani.

Ambazo mimi ningeziogopea kuuza ni zile za Kiswahili. Ellington utampata popote, kazi zake zimehifadhiwa maktaba kubwa na kuchapwa upya mara nyingi. Santuri ya bendi ya Tanga au Mombasa huenda ilichapwa mara moja, kwa idadi ndogo, ikapigwa kwenye mikahawa na kuvunjika huko. Mnunuzi wako akikuambia "hizi za Kiswahili nitakuondolea tu zisikujazie nyumba", hapo ndipo ukae chini.

Ushauri wangu ni kwamba usiuze chochote kwa miezi mitatu. Andika orodha: lebo, namba, msanii, hali ya kila upande. Piga picha lebo. Ukishaorodhesha, omba bei ya moja moja, na yeyote akikataa kutaja bei ya moja moja amekujibu. Ukiishiwa nafasi au ukahitaji fedha, anza na vinili za kawaida.

Nenda kwa mtu ana kwa ana kwa mambo haya: zilizopasuka, zenye alumini, zenye kuvu zito, na kunakili zile za Kiswahili. Usimpelekee mtu kwa sababu ana studio tu. Muulize ana sindano za 78 za ukubwa gani. Akisema "hii hii inapiga zote", mshukuru uondoke. Muulize kama atakupa nakala ghafi, isiyosafishwa kelele, pamoja na ile iliyosafishwa. Ghafi ndiyo ya kuhifadhi. Na kaa pale akinakili. Ukikosa mtu na una mashine ya kasi 33 na 45 pekee lakini umepata sindano sahihi, unaweza kunakili kwa 45 kisha ukaipandisha hadi 78 kwa programu ya bure kama Audacity. Sauti haitakuwa kamilifu, besi itayumba, lakini utajua kilichomo bila kuipiga santuri kila siku.

Zile mbili zilizopasuka usizigundishe kwa supagluu. Gundi inaingia kwenye mfuo na kuganda juu ya ukuta. Kila kipande kifunge peke yake kwa karatasi, kingo zisikwaruzane, uvilaze pamoja kwenye boksi la bapa na jina juu. Mwenye mkono mzuri huvipanga kwenye sahani ya mashine, akavibana kwa nje, akanakili vikiwa vimeshikana, kisha akaondoa mlio wa ufa, mmoja baada ya mwingine, kwenye kompyuta. Nimefanya hivyo kwa santuri ya vipande vitano. Ilichukua siku mbili kwa dakika tatu za muziki. Niandikie lebo za hizo mbili zinasemaje.